Panya Walikataa, Wake Wakakubali

Namukonda aliingia maabara iliyoitwa Nyumba ya Panya asubuhi, kitenge kimefungwa vizuri kama mtu aendaye kanisani, akakataa kiti. Winfrida Nanyinza alikuwa ameinama juu ya kizimba akibadilisha maranda, mkono mzima umo ndani, panya jike mmoja amemkalia kiganjani.

"Karibu dada. Usiniambie panya wamerudi shambani kwako."

"Panya? Panya tumeshawasahau, Mungu akubariki." Namukonda akautazama mlango, akausukuma kwa kisigino mpaka ukafunga. "Nimekuja kwa jambo la ndani. Ukicheka, naondoka."

"Sicheki."

"Tumepoa."

Winfrida akangoja aendelee. Walikuwa majirani tangu Winfrida aolewe, na alimjua Namukonda kuwa mtu wa maneno mengi. Leo maneno yalimtoka kama meno yanayong'olewa.

"Sisi wanawake. Nilidhani ni mimi tu, nikasema ni umri, nina mjukuu sasa. Nikamuuliza yule binti Namwinga aliyeolewa juzi. Akalia. Nikawauliza wenzangu wa kwaya, mmoja mmoja. Kwaya nzima, mdogo wangu! Hakuna anayetaka. Si kwamba waume tumewachukia. Tunawapikia, tunacheka nao, wakiumwa tunawauguza. Ila ule moto wenyewe, ule wa kumwona mtu anapasua kuni ukasema moyoni, huyu leo haniponyoki, huo haupo. Hata kuukumbuka siukumbuki vizuri."

"Na mnafanyaje?"

"Tufanyeje? Tunakubali. Mume ni mume."

Winfrida alimrudisha panya kizimbani taratibu, akafunga kifuniko, kisha akakifunga tena ingawa kilikuwa kimekwisha fungwa. Tangu lini yeye mwenyewe hakuwa amemtamani Ezra? Alikuwa amejiambia ni kazi. Alikuwa amejiambia hivyo kwa muda mrefu kiasi kwamba halikuwa tena swali.

"Dada," akasema, "nyumbani kwako mnakula nini?"

"Tunachokula wote. Mahindi yako."

*

Mtu yeyote wa uwanda wa Mpembasi mwenye umri wa Winfrida aliikumbuka miaka ya panya. Panya shamba walikuwa wengi hata usiku ardhi ilionekana inatembea, nao walifukua mbegu kabla hazijachipua. Serikali ilileta bundi wa chuma, mitambo ya kuruka iliyoundwa kuwawinda, nao wakaanguka mmoja mmoja, nyaya zimetafunwa. Ikaletwa sumu, ikaua paka, ikaua mbwa, ikaua kunguru, panya wakabaki. Watoto walilazwa wamevishwa soksi mikononi ili vidole visitafunwe. Mdogo wake Winfrida, Odilia, hakutafunwa. Alikufa kwa njaa, na siku ya mazishi baba yao alimbeba begani kwa mkono mmoja, kwa jinsi alivyokuwa mwepesi.

Ndiyo maana Winfrida alisomea panya. Na alichogundua kilikuwa rahisi: kwa panya, mwenye uamuzi ni jike. Homoni ya estrojeni humwandaa kwanza, kisha projesteroni huja kumwamsha, na zote mbili hufanya kazi mahali padogo sana chini ya ubongo, panapoitwa haipothalamasi. Akiamka hurukaruka, hutikisa masikio, humwendea dume na kumkimbia na kumwendea tena, mpaka mwenyewe aridhike kuupinda mgongo na kumpokea. Asipoamka, dume hana la kufanya. Atapigwa teke, ataumwa, atakwenda zake.

Winfrida na mwalimu wake, Profesa Siwale, wakaunda mahindi yenye molekuli moja ngeni ndani ya punje. Molekuli hiyo hukaa kwenye kipokezi cha projesteroni katika ubongo, kama udongo uliokwama kwenye tundu la kufuli. Haigusi mji wa mimba, haiui, haiumizi. Jike akila, haamki tena. Wakayaita mahindi hayo Tulivu. Misimu miwili baadaye uwanda ulikuwa kimya, na watu walikula wakashiba, na wengine waliwapa watoto wao wa kike jina la Winfrida.

Kwa watu walisema ni salama, maana molekuli hufa kwa moto. Hivyo ndivyo walivyothibitisha: waliichemsha ndani ya maji, ikafa.

Lakini hakuna mtu anayekula molekuli iliyochemshwa ndani ya maji. Watu hula ugali. Namukonda alipoondoka, Winfrida alipika sufuria mbili pale pale maabara, moja ya unga wa Tulivu na nyingine ya unga wa mahindi ya kale yaliyotunzwa katika hifadhi ya mbegu. Akawalisha panya majike makundi mawili, na akaendelea kuwalisha mpaka damu yao ikaonyesha kuwa wako tayari kupandwa.

Kizimba cha majaribio kilikuwa na ukuta katikati, na ukutani matundu madogo. Jike hupenya, dume, kwa ukubwa wa mwili wake, hapenyi. Kwa hiyo jike ndiye anayekwenda, ndiye anayeondoka, ndiye anayeamua arudi baada ya muda gani. Kila panya wa maabara ile alizaliwa na chembe za ubongo zilizoumbwa zing'ae dopamini, kemikali ya hamu na raha, inapomiminika, na juu ya kizimba kulikuwa na kioo kilichoonyesha mng'ao huo kwa rangi ya kijani.

Jike wa mahindi ya kale alipenya tundu, akamnusa dume, akarudi, akapenya tena. Kila alipopenya kwa hiari yake kijani kiliwaka kwenye kioo kama makaa yanayopepewa. Winfrida alijikuta anatabasamu.

Kisha akamweka jike wa ugali wa Tulivu.

Alikula. Alijilamba manyoya. Alikaa ameupa mgongo ukuta na matundu yake, na kioo kilibaki cheusi. Winfrida akamdunga projesteroni. Cheusi. Akamwingiza kwenye kizimba kimoja na dume, pasipo ukuta, na dume alipomkaribia jike akageuka akamuuma sikio. Akarudia kwa mwingine, na mwingine. Walikuwa na afya njema wote, manyoya yanang'aa, wala hawakuonekana na huzuni. Hilo ndilo lililomtisha. Walikuwa wameondolewa kitu na hawakujua kuwa waliwahi kuwa nacho.

Alipima ugali. Wanga ulikuwa umeifunika ile molekuli kama koti, moto haukuigusa. Najua, akajiambia, binadamu si panya. Kwa mwanamke kutaka kuna mizizi mingi, kuna mazungumzo, kuna kumbukumbu, kuna siku mbaya na siku njema. Lakini kipokezi kile kilikuwa na ndugu yake katika ubongo wa mwanamke, na molekuli ilimfahamu ndugu huyo vizuri. Alijipima damu yake mwenyewe, akaikuta imo.

Alikaa chini akafikiria jambo moja ambalo hakuweza kulisukuma pembeni. Panya alikuwa na teke na meno. Namukonda alikuwa na "mume ni mume".

*

Profesa Siwale alimsikiliza mpaka mwisho bila kumkatiza, mikono juu ya meza. Alikuwa mzee mwembamba aliyevaa sweta hata jua likiwaka, na ndiye aliyemtoa Winfrida kijijini akampeleka chuo. Katika miaka ya panya aliwazika watoto wake wawili.

"Wangapi wameugua?" akauliza.

"Hakuna."

"Uzazi umepungua?"

"Haujapungua."

"Sasa tatizo liko wapi, binti yangu?"

"Hawataki, Profesa."

"Lakini wanazaa."

"Wanazaa."

"Basi." Akafungua mikono yake. "Panya jike asipotaka, hazai. Mwanamke hahitaji kutaka ili azae. Hiyo ndiyo tofauti, na ndiyo inayotuwezesha kuyala mahindi haya na kuishi."

Alisema bila ubaya wowote, kama mtu anayesoma kipimo cha mvua.

"Umelijua lini?" Winfrida akauliza.

"Tangu majaribio ya pili. Mke wangu aliniambia kuhusu hali yake, nikaunganisha. Tukakubaliana kwamba ni bei ndogo."

"Mlikubaliana?"

"Nilimweleza."

"Alisemaje?"

"Winfrida. Angesema nini mbele ya makaburi yale? Ungetaka aseme nini?" Kwa mara ya kwanza sauti yake ilipanda. "Ukilitangaza hili watayang'oa. Wakiyang'oa, misimu miwili tu na ardhi itaanza kutembea tena. Safari hii utamzika nani? Unataka kusimama juu ya kaburi la mtoto wa mtu umwambie mama yake, samahani, ilikuwa kwa ajili ya ashiki?"

Kilichomuuma Winfrida zaidi baadaye ni kwamba swali lile lilikuwa la haki. Alisimama pale akimwona Odilia begani mwa baba yake.

"Panya wa majaribio watateketezwa leo," Profesa akasema kwa upole. "Na chumba kitafungwa. Nenda nyumbani upumzike."

"Wateketeze," akasema Winfrida. "Mkutano wa mbegu ni wiki ijayo, na mimi bado nina mkono wa kunyoosha na mdomo wa kusema."

"Utajiaibisha."

"Nimejiaibisha tayari. Mahindi ni yangu."

*

Ezra, mumewe, alikuwa fundi wa pampu za maji. Winfrida alimkuta uani ameifungua pampu vipande vipande juu ya gunia, akamwambia yote akiwa amesimama, kwa sababu alijua akikaa hatamaliza.

Ezra aliendelea kufuta bomba lile lile kwa kitambaa mpaka alipomaliza kusikiliza.

"Kwa hiyo siku zote hizo," akasema, "ulikuwa unanivumilia."

"Sikujua kama ninavumilia. Nilidhani ndivyo ndoa inavyokuwa ikikomaa."

"Mimi nilijua kuna kitu. Nikaona aibu kuuliza." Akaliweka bomba chini. "Ungekataa, Winfrida! Ungeniambia tu, leo hapana! Mimi si dume wa kizimba. Umeniacha nimekuwa mwizi nyumbani kwangu mwenyewe na sijui."

Macho yake yalikuwa mekundu. Winfrida alitaka kumshika bega, akajizuia, maana hakujua mkono huo ungekuwa wa mapenzi au wa kumtuliza, na alikuwa amechoka kutojua.

"Nitalisema mkutanoni," akasema. "Mbele ya watu wote. Watakucheka na wewe."

"Wacheke." Ezra akavuta pua, akaokota spana. "Nitakaa mstari wa mbele wanione vizuri."

*

Tangu miaka ya panya, sheria ya Mpembasi ilikuwa moja: ghala la mbegu halifunguki mpaka watu wazima wote wakutane na kunyoosha mikono. Mlango wenyewe ulikuwa umefundishwa kuhesabu mikono. Siku hiyo watu walijaa hadi nje, wakitegemea mkutano mfupi kama wa kila mwaka, mbegu ni Tulivu, mikono juu, twendeni tukalime.

Mwenyekiti alipouliza kama kuna neno, Winfrida alisimama. Alieleza habari za ugali na panya na kipokezi kwa maneno ambayo mtoto angeelewa. Alipofika kwenye wanawake, kicheko kilianzia nyuma kikatambaa mpaka mbele. Mwanamume mmoja aitwaye Sinkala akapaza sauti:

"Daktari, heshima yako! Mambo ya chumbani yanahusiana vipi na mbegu?"

"Yanahusiana, kwa sababu mimi ndiye niliyeipanda mbegu hiyo chumbani kwako, baba, na sikubisha hodi."

Kicheko kilikatika. Profesa Siwale akainuka pole pole.

"Wananchi," akasema, "asemayo ni kweli. Sitawadanganya. Lakini mwulizeni swali moja. Anataka watoto wafe njaa ili mama zao wapate raha?"

Mnong'ono mzito ulipita ukumbini. Winfrida aliona nyuso zikimgeukia, nyingine za wanawake, zikiwa na hasira.

"Nimemzika mdogo wangu," akasema. "Wengi humu mlikuwepo. Sitasimama hapa nikasema njaa ni kitu kidogo. Nasema hatukuulizwa. Mtu mmoja aliona kwamba furaha ya wanawake ni bei ndogo, akailipa kwa niaba yetu, na mimi nikamsaidia bila kujua. Ingekuwa Tulivu inawapoza wanaume, mkutano huu ungefanyika mwaka ule ule wa kwanza. Na mngekuja mbio."

Mahali fulani katikati mwanamke alicheka peke yake, kicheko kikavu kama ganda la karanga, na hakuna aliyemnyamazisha.

"Unapendekeza nini?" Mwenyekiti akauliza.

"Tulivu ipandwe pembeni tu mwa mashamba, mistari ya mpakani, tusiile sisi. Panya huanzia pembeni. Katikati tupande mahindi ya kale. Tuchimbe mahandaki, tufuge paka."

"Haitatosha," akasema Profesa. "Panya si wajinga. Wengine watavuka."

"Watavuka. Tutapoteza mavuno, sijui kiasi gani. Nikisema najua, nitakuwa naongopa."

Hapo ndipo Namukonda aliposimama. Mume wake, mtu mnene mpole, alimvuta kitenge akae. Hakukaa.

"Mnanijua," akasema. "Mimi ni wa kwaya. Ninaposema hili naona aibu, lakini nitalisema. Nataka kutaka." Akamgeukia mumewe. "Nikimkataa mzee wangu, nimkatae mimi. Nikimkubali, nimkubali mimi. Si mahindi. Panya ana haki hiyo, mimi sina?"

Mume wake aliachia kile kitenge. Alikaa akitazama viganja vyake. Kisha, kura ilipoitwa na Mwenyekiti akasema "Wanaotaka pembeni", alikuwa miongoni mwa wanaume wachache wa kwanza kunyoosha mkono. Ezra alikuwa amekwisha nyoosha wake. Mikono ya wanawake ilikuja kwa kusitasita, kama watu wanaojaribu maji ya mto kwa vidole vya miguu, halafu ikaja mingi kwa pamoja. Mingine haikuja kabisa. Mke wa Profesa, aliyekaa karibu na ukuta, aliunyanyua wake juu na kuuacha huko, hata baada ya mlango wa ghala kwisha kuhesabu na kufunguka.

*

Winfrida alifukuzwa kazi kesho yake. Alichimba mahandaki pamoja na wengine, akapata malengelenge ambayo hakuwa nayo tangu utotoni. Familia zilikula mahindi ya kale yaliyotolewa hifadhini, na damu ikaanza kusafika. Hakuna aliyetangaza lolote. Ila mazoezi ya kwaya yalianza kuchelewa kwisha, na kulikuwa na vicheko ndani yake vilivyozimika ghafla mchungaji alipoingia.

Kwa Winfrida ilikuwa mchana, wala hakuwa anawaza mambo hayo. Ezra alikuwa kisimani anavuta bomba zito, shati limemganda mgongoni. Winfrida akasimama na jembe lake. Akatazama. Akaendelea kutazama, na kitu kikapita tumboni mwake kama mtu aliyekosakosa kumgonga njiani. Akaliacha jembe pale pale kwenye mtaro.

"Kuna nini?" Ezra akauliza alipomwona anakuja. Uso wake ulikuwa na ile hofu mpya aliyokuwa nayo, ya mtu asiyetaka kupewa sadaka. "Kama ni huruma, Winfrida, tafadhali..."

"Huruma sina hata kidogo," akasema. "Acha hilo bomba."

Mvua zikaja vizuri. Na panya nao wakaja.

Hawakuja kama zamani, ardhi haikutembea. Wengi walikula mistari ya mpakani wakaacha kuzaana, wengi waliishia mahandakini. Lakini wengine walivuka, kama Profesa alivyosema, na mashamba ya upande wa mtoni yalitafunwa vibaya. La Namukonda lilikuwa mojawapo. Wakati wa mavuno panya aliingia nyumbani kwake akamtafuna mjukuu wake kidole cha mkono akiwa amelala mchana. Winfrida ndiye aliyemsafisha kidonda. Mtoto alipiga kelele, na kila kelele ilimwingia Winfrida mbavuni. Alingoja Namukonda amlaumu. Aliona afadhali alaumiwe.

"Kaza bandeji," Namukonda akasema tu. "Anapenda kuivua."

Wiki hiyo wakaja maofisa kutoka makao makuu ya kilimo na mtangazaji wao, maana habari za Mpembasi zilikuwa zimeenea na vijiji vingine vilikuwa vimeanza kuuliza maswali yale yale. Walitaka mtu aliyepata hasara. Walimketisha Namukonda mbele ya mashina ya mahindi yaliyotafunwa, mtoto mapajani, kidole chenye bandeji kinaonekana vizuri. Chombo cha kurekodi kikaelea usawa wa uso wake. Winfrida alisimama nyuma ya maofisa pamoja na wanawake wengine, na hakuna aliyejua Namukonda atasema nini. Alikuwa na haki ya kusema lolote.

"Pole sana, mama," mtangazaji akaanza, kwa sauti laini. "Umepoteza mavuno, mtoto ameumia. Watu wanataka kusikia kutoka kwako. Tukikuletea mbegu ya Tulivu leo, bure, utaipanda?"

"Nitaipanda," akasema Namukonda.

Ofisa mmoja akaitikia kwa kichwa, ameridhika.

"Wapi, mama? Shamba zima?"

"Pembeni."

"Na katikati?"

Namukonda alimhamishia mtoto paja la pili, akakifunika kile kidole kwa ncha ya kitenge chake, akakitazama chombo kinachoelea kama anavyotazamwa mgeni asiyesikia vizuri.

"Mwanangu," akasema, "nimesema pembeni."